Mwanya wa Upana wa Njiti

Jino zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona lilifika Kasulu kwa basi kutoka Mwanza, limelazwa juu ya pamba ndani ya kisanduku cha kiberiti, na dada yangu alilikataa. Alikuwa amelisubiri wiki saba. Daktari wa meno alilipachika mahali pake bila gundi, akampa kioo. Dada alijitazama, akatabasamu kidogo, akafunga mdomo, kisha akakilaza kioo mezani kifudifudi.

"Litoe," alisema. "Hili ni la mtu mwingine."

Hiyo ilikuwa 2013. Jino lake mwenyewe lilikuwa limekatika mwezi wa Juni, akiwa kazini.

Dada yangu ananizidi miaka tisa. Hununua maharage vijijini, hasa Kitanga na Heru Juu, na kuyauza kwenye magulio ya Kasulu na Kibondo. Katika biashara hiyo kipimo cha ukavu ni meno. Muuzaji anafungua gunia, mnunuzi anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa punje kutoka chini kabisa, anaibana kwa meno ya mbele. Ikipasuka kwa mlio, maharage yamekauka. Ikibonyea, bado yana maji na yataoza ghalani. Mlio huo lazima usikike na wote wawili, na bei haitajwi kabla yake. Nimewahi kuona watu wakikatiza habari za msiba ili wausikilize, halafu wakaendelea na msiba.

Siku hiyo, Kitanga, kitu alichokibana kilikuwa kokoto yenye rangi ya maharage na umbo la maharage. Jino la mbele la kulia lilikatika mshazari, kikabaki kisiki. Muuzaji alikuwa mama wa makamo.

"Yoo, pole mama, pole sana!" alisema. Kisha akaongeza, "Lakini mlio si umeusikia?"

Dada alinisimulia haya mwenyewe, akicheka, mkono ukiwa mdomoni. Gunia lile alilinunua.

Mkono huo mdomoni haukuondoka tena. Kupima maharage kwa debe kunataka mikono miwili, na yeye alibaki na mmoja. Akaanza kukaa nyumbani siku za gulio. Nilidhani ni aibu ya pengo. Siku moja aliniambia kwamba pengo halimsumbui, kinachomsumbua ni mwanya.

Meno yake mawili ya mbele yalikuwa na mwanya katikati, ule ambao kwetu mtu akizaliwa nao husifiwa bila kufanya kazi yoyote. Aliurithi kwa mama yetu, ambaye alifariki nikiwa darasa la tano. Mimi sikuupata. Nilitoa picha zote za mama tulizokuwa nazo, nne, nikazipanga kitandani. Katika zote amefunga mdomo, kama watu wote wa rika lake mbele ya kamera. Mwanya wa mama ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, mdomoni mwa dada, na sasa upande wake mmoja ulikuwa umevunjika.

Tulikwenda kwa daktari pamoja. Alikuwa kijana kutoka nyanda za kusini, amepangiwa kazi huku, na alasiri alitibu kwenye chumba cha kukodi karibu na soko la Kasulu. Dada alinichukua kwa sababu mimi ni mwalimu. "Wewe utaandika," alisema, "mimi mtu akishika koleo sisikii kitu."

Daktari aliweka vitu viwili juu ya kitambaa. Cha kwanza kilikuwa kofia: ganda la jino zima, chuma chembamba ndani na kauri nje, linalovishwa juu ya kisiki kilichochongwa. Cha pili kilikuwa daraja: meno matatu yaliyoshikana, la katikati likining'inia bila mzizi.

"Mzizi wako ukiwa mzima, mama, tunavisha kofia. Ukiwa mbovu nang'oa, tunaweka daraja. Hili linapanda juu ya majirani wawili."

"Na hao majirani?"

"Nitawasaga."

"Wazima?"

"Wazima."

Dada alinigeukia. "Andika hilo." Kisha akamuuliza, "Na mwanya?"

"Daraja limeshikana, mama. Mafundi ninaowajua wataliziba."

Kwa hiyo jambo zima lilikuwa juu ya mzizi. Picha ya eksirei ilipigwa Kigoma mjini. Daktari aliinyanyua dirishani. Mzizi ulikuwa mrefu na mnyoofu, lakini chini ya katikati ulipitiwa na mstari mwembamba, mwembamba kuliko unywele. Aliipangusa filamu, akaigeuza, akaitazama tena.

"Unaweza kuwa ufa. Unaweza kuwa mkwaruzo wa filamu tu."

"Ukiwa ufa?"

"Kofia itakaa mwaka, miwili, halafu mzizi utapasuka. Tutarudi kwenye daraja."

"Ukiwa mkwaruzo?"

"Itakaa mpaka uichoke."

Picha ya pili ilipigwa kwa pembe tofauti, na mstari haukuonekana. Daktari alisema hilo halithibitishi kitu, kwa kuwa ufa huonekana kwa pembe moja na kujificha kwa nyingine. Dada alichagua kofia.

Kabla ya kuagiza alitaka kuiona moja ikiwa mdomoni mwa mtu. Mjini kulikuwa na mwenye duka la vitambaa, mzee mwenye ndugu Tanga, aliyekuwa na kofia mbili, moja ya zamani na moja ya Dar es Salaam. Alikubali bila kinyongo. Akaegemea kaunta, akafungua mdomo mbele ya majora ya vitenge.

"Tazama mama, tazama. Ila hayo mengine usiyahesabu, hayakualikwa."

Tofauti ilionekana hata kwa macho yangu. Kwenye kofia ya zamani ufizi ulikuwa umevimba, na pembeni kulikuwa na ukingo mweusi unaonasa chakula. Ile ya Dar es Salaam ilizama kwenye ufizi kama jino lililoota. Mzee alisema ya kwanza aliichagua kwa weupe, ya pili kwa mshono. Daktari naye alikuwa amesema hivyo hivyo: weupe haumaanishi kitu, pitisha sindano pale kofia inapokutana na jino, ikikwama, kofia ni mbaya hata kama inang'aa.

Daktari alisafisha mzizi, akapachika pini, akachonga kisiki. Akachukua umbo la meno kwa dawa laini iliyoganda mdomoni kama ugali wa muhogo, akamimina plasta, akaifunga kwenye katoni na kuikabidhi kwa wakala wa basi, iende kwa fundi wa meno Mwanza. Wiki saba baadaye kikaja kile kisanduku.

Fundi wa Mwanza hakukosea. Fomu ilimpa rangi na kimo. Juu ya mwanya haikusema lolote. Alipoona nafasi, aliijaza. Jino lilikuwa na vivuli vidogo karibu na ncha, kama la mwenzake, na sindano ilipita kwenye mshono bila kukwama. Lilikuwa pana mno, basi. Daktari alijitolea kulisaga ubavuni palepale.

"Litabaki zima?" dada aliuliza.

"Kauri ikisagwa hupoteza ngozi yake ya juu. Inaweza kupata nyufa."

"Ufa mmoja unatosha," dada alisema.

Akachukua kisanduku tupu, akakiangalia, akaniuliza kama nina kiberiti. Sikuwa nacho. Daktari alikuwa nacho cha kuwashia taa yake ya spiriti. Dada alitoa njiti moja, akaishika mbele ya macho ya daktari.

"Tulipokuwa watoto huyu mdogo wangu alikuwa anaichomeka hapa. Ilikuwa inasimama. Haipiti, haianguki. Nataka hivyo."

Nilikuwa nimeusahau mchezo huo kabisa. Aliposema, nikakumbuka na adhabu yake.

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Alifunga njiti kwa plasta ya kidonda kwenye umbo la meno, lililokuwa limerudi kutoka Mwanza pamoja na jino, akaandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa, kwamba nafasi ya katikati iwe na upana wa njiti hii. Katoni ikapanda basi tena. Mvua zilikuwa zimeanza na barabara ilikuwa mbaya. Jino la pili lilifika mwezi wa Desemba.

Daktari alilijaribu kwa utaratibu. Sindano kwenye mshono: ilipita. Uzi kati ya kofia na jirani wa kulia: uliingia kwa kubana, ukatoka bila kukatika. Karatasi ya buluu ya kung'ata: aliinyoa kofia mara mbili kwa nyuma, ambako ni chuma kitupu, mpaka meno yote yakaacha alama sawa. Mwisho dada alichomeka njiti mwenyewe, akaondoa mkono. Njiti ilisimama. Alikaa nayo hivyo, akijitazama kwenye kioo, mpaka daktari akamkumbusha kwamba gundi inasubiri.

"Sasa, mama, maharage basi. Kwa meno ya mbele usibane tena hata punje."

"Nitabana kwa magego."

Mwaka 2014 alibana kwa magego. Nilimsindikiza mara kadhaa na nikaona tatizo ambalo daktari, kwa kuwa si mtu wa huku, asingeweza kulijua. Magego yako ndani, na shavu linaumeza mlio. Wauzaji wa Kitanga hawakupenda. "Unasikiliza peke yako," mmoja alimwambia, na magunia yake akampa mnunuzi mwingine.

Mapema 2015 daktari alihamishwa mkoa. Alikuwa ameagiza mzizi utazamwe kila baada ya miezi sita. Baada yake hakuna aliyeutazama. Mwaka huohuo watu walianza kuvuka mpaka kutoka Burundi, na maharage yakatafutwa Kibondo kama hayajawahi kutafutwa. Nilikuwa huko siku moja ya gulio. Dada alikuwa mbele ya gunia, amenipa mgongo. Alitoa punje kutoka chini, akaiweka mdomoni. Muuzaji, mwanamume mwenye kofia ya pama, aliinamisha kichwa kidogo upande wake.

"Mama, sijasikia."

Dada alizamisha mkono tena. Safari hii mlio niliusikia mimi niliyekuwa nyuma, hatua sita. Nilipozunguka mbele alikuwa tayari anataja bei, mikono yote miwili kwenye mdomo wa gunia, akitabasamu, mwanya ukiwa mahali pake.

Nilimuuliza njiani ametumia meno yapi. Alijibu kwamba maharage yale yalikuwa makavu.

Filamu ya Kigoma ninayo mimi, ndani ya bahasha yake. Niliinyanyua dirishani wiki ile nilipofika nyumbani. Mstari upo, chini ya katikati ya mzizi, na sijapata mtu wa kuniambia ni wa jino au ni wa filamu.