Mvinyo Niliomwonjea Apolonia

Siku ya kwanza kazini nilipewa brashi na pipa tupu. Msimamizi wa ghala akaniambia, "Sugua mpaka maji yatoke meupe." Apolonia, niliyeandikwa naye kazi siku hiyohiyo, akapewa pipa la pili. Familia yenye kiwanda hicho cha mvinyo hapa Uru ilinunua zabibu nyekundu Dodoma, zikapandishwa huku kwa lori, kwa sababu kwenye baridi ya mlima mvinyo huchachuka taratibu na kutunza harufu yake.

Ninyi vijana mna vipimo vya umeme. Sisi tulizamisha maganda kwa mti asubuhi na jioni, maana rangi yote imo kwenye ganda. Utamu ukiisha tulikamua, tukaupumzisha mvinyo kwenye mapipa ya mbao. Hapo ndipo alipohitajika mwonjaji, wa kujua pipa lipi lichanganywe na lipi ili ukakasi usikwaruze ulimi.

Mwonjaji wa zamani alipoondoka, Mzee mwenye kiwanda alituonjesha sote. Apolonia akasema, "Hili lina moshi kidogo, Mzee. Lile ni laini, ila linaisha upesi mdomoni." Nami nilikuwa nimeonja hivyohivyo, nikaona haya kusema. Kesho yake akavaa koti jeupe la mwonjaji. Mimi nikabaki na brashi.

Jamani, nilimwonea wivu! Wageni walimshika mkono yeye, mimi wakanipita kama ndoo. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, niligeukia upande mwingine.

Miaka ikaenda, akaugua mafua makali. Aliporudi alinifuata nikiosha chupa.

"Mama Deo, sisikii harufu. Hata ya kahawa. Nikionja ni kama maji."

"Kamwambie Mzee."

"Ataniondoa. Nionjee wewe, nakuomba."

Nilikubali, lakini si kwa huruma. Nilitaka kujua kama naweza. Misimu mitatu niliingia ghalani kabla ya wenzangu, nikaonja, nikamnong'oneza. Yeye akapeleka majibu kwa Mzee. Mvinyo huo ulisifiwa kuliko yote iliyotangulia. Kila alipopongezwa, nilisugua pipa kwa nguvu zaidi. Nikaapa kwamba siku ya kustaafu nitasimama niseme.

Tuliagwa pamoja. Mzee alikuwa ameshafariki, na binti yake ndiye aliyeinua glasi: "Kwa heshima ya Mama Apolonia, aliyetupa mvinyo wetu bora." Nikashika kiti ninyanyuke. Apolonia akawahi.

"Mnisamehe. Mvinyo huo si wangu. Mimi harufu ilishaniondoka. Aliyeonja ni Mama Deo."

Watu wakasimama, wakapiga makofi. Waligeukia kwa Apolonia. Wengine walilia. Binti wa Mzee akamkumbatia, akisema hajawahi kuona moyo kama ule. Mimi nilipewa mkono baadaye, kwenye foleni ya chakula.

Siku hizi vijana hupanda hadi kihambani kwangu, kwenye shamba la migomba, kuniuliza juu ya kazi hii. Hukaa, hunywa chai, kisha huanza:

"Shikamoo, Mama. Ni kweli Mama Apolonia alisema ukweli mbele ya watu wote?"

"Marahaba," nawajibu. "Ni kweli."