Karata za Nurys

Tangu mkewe Nurys afariki, kompyuta ya Leovigildo haijazimwa. Hata siku moja! Umeme wa mji wa Moca ukikatika, nao hukatika unavyotaka, betri za nyumba zinapokea na mashine inaendelea kuguruma pale sebuleni. Nyuma ya madirisha yote ya skrini kuna mchezo wa karata, ule wa mtu mmoja, ambao mkewe aliuacha katikati siku alipopelekwa hospitali. "Usinigusie karata zangu, wewe, nakuja kumalizia," alimwambia. Basi hajazigusa. Kila jioni huzifungua akazitazama, kisha hula ndizi zake za kuponda peke yake.

Sasa ratiba za besiboli ya watoto, anazozichapa, zilihamishiwa diski mpya, na programu yake ikawa haijui pa kuzitafuta. Akampigia simu fundi Wilkin.

"Kazi ndogo, mzee. Andika njia mpya ya faili kwenye mipangilio, halafu zima, washa."

"Kuzima hapana."

"Kwani inanyonyesha?"

"Wilkin, nimesema hapana!"

Fundi akacheka, ila hakuwa na roho mbaya. "Haya, yaishe. Andika njia mpya, bonyeza sawa, kisha funga programu hiyo tu uifungue tena. Programu husoma mipangilio pale inapofunguliwa. Nyingine ziache zilivyo, hazitadhurika."

Leovigildo aliandika herufi moja moja, jasho likimtiririka. Akafunga, akafungua. Ratiba hiyoo! Akachungulia nyuma: karata zote zipo. Alifurahi mno, akageuka kumwambia mtu, na mtu hakuna. Akaenda jikoni kupika kahawa.

Ndipo radi ikapiga. Mtaa ule radi ikilia, watu hufunika vioo na kuchomoa kila kilichochomekwa ukutani, na asiyefanya hivyo hufanyiwa. Yudelka, jirani yake, alivuka barabara mbio, taulo mkononi, akaingia bila hodi.

"Don Leo! Radi yote hii na mashine iko kwenye umeme? Unataka kuungua humu ndani, mzee wangu? Haya, nimekuchomolea, na kioo nimekifunika."

Leovigildo alitoka jikoni na birika lake. Skrini ilikuwa nyeusi na sebule imenyamaza kabisa. Karata za Nurys zimekwenda. Lakini angemgombeza vipi? Binti wa watu amelowa chapachapa kwa ajili yake.

"Asante, Yudelka," akasema, akammiminia kahawa.

Wakanywa mpaka mvua ikakatika. Yudelka akainua waya. "Nikuwashie?"

"Acha tu. Ukiwasha itaanza upya."

"Si ndiyo vizuri, ianze upya?"

"Upya na nani, Yudelka?" Na mzee wa watu akalia, kikombe mkononi, mbele ya jirani aliyekuwa bado ameshika waya.