Nilikuwa Naomba Choo Tu

Wengi mnaniuliza ile marathon yangu imeishia wapi, na mimi huwa nawajibu ni goti, daktari kasema nipumzike. Hakuna goti wala daktari. Magoti yangu yote mawili ni mazima kabisa, kilichoumia ni uso, na ningeendelea kuficha hivyo hivyo mpaka nizikwe, ila Marwa ameshaanza kuwasimulia kwa namna yake na namna ya Marwa mnaijua, ataongeza mpaka nyoka. Kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe. Niliharibu msiba wa mama wa watu kule Butiama, nikiwa nimevaa kaptura ya kubana, na yote yalianza na kikombe kimoja cha mtindi.

Mnajua nauza mabati na saruji hapa Musoma mjini, kazi nzuri sana kwa afya, unakaa kwenye kiti asubuhi mpaka jioni unawanyooshea vijana kidole wabebe. Kitambi kikaja taratibu bila kupiga hodi. Siku mteja mmoja aliponiuliza kwa upole kama ninajifungua mwezi huu au ujao, niliingia kwenye group letu la wafanyabiashara nikaandika kwamba nakimbia marathon, tena ile nzima, kilomita arobaini na mbili (nusu marathon ni ya watoto, niliandika hivyo, kwa kidole changu hiki). Kilomita nilizokuwa nimeshakimbia maishani mpaka siku hiyo zilikuwa sifuri, ukiacha ile jioni mbwa wa jirani alipokata kamba.

Basi nikaanza. Nikanunua viatu vya mtumba vyenye rangi ya embe bivu, nikapakua kwenye simu kile kiprogramu cha kuhesabu kilomita ambacho kuna dada wa Kizungu anakupongeza hata ukisimama kufunga kamba, nikawa naamka alfajiri nakimbia mpaka Bweri stendi na kurudi. Wiki ya kwanza nilirudi kwa bodaboda kila siku. Wiki ya sita nilikuwa nafikisha kilomita nane bila kufa, na hapo ndipo nilipokuwa mtu wa hovyo kuliko nilivyokuwaga na kitambi, maana nilianza kutoa ushauri. Mteja anakuja kununua misumari, mimi namuuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Mke wangu alihamia kulala upande wa ukutani.

Sasa Jumamosi moja nikapanga mbio ndefu. Marwa, ambaye ni rafiki yangu na anauza spea za pikipiki duka la tatu kutoka kwangu, alinibeba kwa pikipiki yake mpaka Makutano, mimi nishuke pale nikimbie mpaka Butiama, yeye atangulie na begi langu lenye suruali na shati anisubiri stendi. Pale Makutano kuna mama alikuwa anauza maziwa mgando kwenye ndoo, mazito, yale ya kukatika kama ugali. Marwa akaniambia usinywe. Nikamwangalia kwa huruma, mtu asiyejua mambo ya michezo, nikamwambia hiyo ni protini. Nikanywa kikombe kimoja, na kikombe chenyewe kilikuwa cha nusu lita, na nikamlipa yule mama kwa furaha yangu mwenyewe.

Kilomita za kwanza nilikuwa mfalme. Nilikuwa napungia mkono wachunga ng'ombe, ng'ombe wenyewe walikuwa wananiangalia, watu waliokuwa wanapalilia wanainuka kuniuliza nani ananifukuza na mimi natabasamu tu kama mtu wa kimataifa. Baada ya hapo tumbo likauliza swali. Nikalipuuza. Likauliza tena, kwa sauti. Nyie, kuna aina ya maumivu ambayo mtu anajikuta anaahidi kurudisha vitu alivyoiba utotoni, basi nilifika huko, na kando ya barabara ile ni peupe, mihogo imeshang'olewa, hakuna kichaka cha kumficha hata kuku, na kila shamba lina watu wanakuangalia. Ndipo nikaona, ndani kidogo kwenye njia ya vumbi, mji wa mtu wenye turubai na watu wengi. Akili yangu, ile ndogo iliyokuwa imebaki, ikasema penye watu wengi hivyo choo hakikosekani.

Nikaingia kwa mbio.

Kwa wale mliozaliwa mjini niwaeleze kitu. Kwetu huku mfiwa wa karibu akifika msibani haji anatembea akisalimia watu. Akishaliona boma tu anaanza kukimbia, analia, ameshika tumbo au kichwa, na watu wanamwahi kabla hajaanguka. Sasa nifikirieni mimi. Nimetoka barabarani mbio, nimeshika tumbo kwa mikono miwili, jasho limeniingia machoni machozi yanatiririka, na ninaguna kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kabla sijafika hata kwenye turubai wanaume wawili walishanidaka huku na huku, kina mama wakaangua kilio upya (walikuwa wameshanyamaza, maskini, walikuwa wanakunywa chai), na mmoja akavua khanga yake akanifunga kiunoni kuficha ile kaptura. Nikapitishwa katikati ya viti nikaketishwa mkekani, mbele ya jeneza.

Mngekuwa nyie mngesema nini? Mimi sikusema kitu. Kwanza pumzi sina, pili kuna mambo hayasemeki mbele ya jeneza. Niliamua nikae dakika mbili, nilie kidogo kwa heshima, halafu niinuke polepole niulize mtu wa pembeni. Pembeni yangu alikuwa amekaa mjane mwenyewe, Mama Wambura, mama mtu mzima, kimya, ameshika kitambaa. Alinishika mkono akanipa pole. Yaani yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Nilitamani ardhi inimeze, ila ingenimeza pamoja na tumbo lile.

Ndipo akaja shangazi, dada wa marehemu, bibi mmoja mwembamba mwenye macho makali. Akaniangalia usoni muda mrefu, akainama sikioni akaniuliza kwa kunong'ona kama mimi ndiye yule wa Bunda. Na mimi, ndugu zangu, kwa wakati ule nilikuwa nimefika hatua ya kukubali chochote ili mtu asinitikise. Angeniuliza kama mimi ni askofu ningekubali. Nikaitikia kwa kichwa.

Uchungu ukamzidi yule bibi, akasahau kunong'ona, akaniangukia shingoni na kupaza sauti, boma zima likasikia, "Mtoto wa kaka yangu amekuja kutoka Bunda. Damu ya Magesa imekuja kumzika baba yake."

Kilio kilikatika. Nakumbuka hata kijiko kilichokuwa kinakoroga chai kilisimama. Mkono wa Mama Wambura, ambao ulikuwa bado umeshika wangu, uliachia taratibu. Akageuka akaniangalia, kuanzia viatu vya rangi ya embe mpaka nywele, na nikaona anatafuta kwenye uso wangu kitu ambacho anakijua. Mzee Magesa alikuwa karani wa pamba, msimu baada ya msimu alikuwa anakaa Bunda kwenye mizani miezi mizima, na yule mama alikuwa anabaki Butiama analima, anachunga na analea. Haya yote niliyajua baadaye, lakini hata bila kuyajua niliona wazi kwamba kuna nyumba ya mtu inaanguka pale na mimi ndiye nimeng'oa nguzo.

Ikabidi niseme.

"Mama, nisamehe. Mimi si mtoto wa marehemu, wala simjui. Nilikuwa nakimbia mazoezi. Nilikuwa naomba choo tu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee mmoja aliinuka na fimbo yake akisema nipelekwe nje nifundishwe adabu, na sikumlaumu. Mama Wambura hata hakumwangalia. Alikuwa anamwangalia shangazi, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi za kukunja khanga.

"Wifi," akasema, "kama huyu siye, wa Bunda ni nani?"

Shangazi akakunja khanga ile ile tena. Yule mama akangoja, akaona hajibiwi, akanigeukia mimi akaniambia kwa sauti ile ile, ya kawaida kabisa, kama anamwelekeza mgeni, "Choo kiko nyuma ya jiko, mwanangu. Nenda. Ukimaliza urudi hapa."

Nilikwenda. Sitawaeleza habari za humo ndani, Marwa atawaeleza ingawa hakuwepo. Ninachowaeleza ni kwamba choo kile kilikuwa cha mabati ya geji thelathini na mbili, membamba, nayajua kwa sababu nayauza na nawaambiaga wateja kila siku kwamba yanapitisha sauti. Nikawa nimechuchumaa, nimeshika tumbo, nasikia ndoa ya miaka mingi inafunguliwa mbele ya watu. Shangazi alijitetea kwanza, akasema ni maneno ya zamani, tumzike mtu kwanza. Mjane akasema hazikwi mtu. Basi yakatoka. Kweli yupo, ni mwanaume mtu mzima, fundi pikipiki pale Bunda. Amepewa habari za msiba, na wazee wa ukoo wamemkataza kuja ili mama asiumie. Wote walijua. Hata yule mzee wa fimbo alijua.

Halafu nikasikia mama anauliza anaitwa nani.

Shangazi akasema, "Mugeta."

Mugeta lilikuwa jina la baba wa marehemu. Mama Wambura akasema kwamba alipozaa mtoto wake wa kwanza wa kiume aliomba jina hilo, akaenda kwa wazee hao hao na kibuyu cha maziwa, wakamwambia jina la mkwe wako tumelipumzisha, halitolewi tena. Akamwita mwanawe Wambura. Na jina kumbe lilikuwa halijapumzishwa, lilikuwa limeshapelekwa Bunda kabla yake.

Nilikaa humo ndani mpaka miguu ikafa ganzi. Nilitaka kutoroka kwa nyuma, nawaambia ukweli, nilishapima kabisa ile fensi ya minyaa, lakini nikasikia mtu anagonga bati kwa kidole. Alikuwa yeye. Akaniuliza kama nimemaliza. Nilipotoka alinipeleka mbele ya watu wote, mimi na khanga yangu ya maua, akasema hivi, "Miaka yote hii nyie mmekaa kwangu mkala, na hakuna aliyeniambia ukweli. Huyu mmemwokota barabarani leo, na ukweli wake ni wa choo, lakini ameusema. Ndiye atakwenda Bunda kumchukua. Nyie siwatumi."

Kwa hiyo ndiyo hivyo, mwanariadha wenu alikwenda Bunda kwenye gari la msiba, Noah, katikati ya wanaume watatu wa ukoo waliopanda kuonyesha njia tu, na hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Tukampata Mugeta kwenye kibanda chake, amekaa kwenye ndoo, amevaa suti, nadhani alikuwa amevaa tangu asubuhi na hajui aende wapi nayo. Sikuhitaji kuuliza kama ndiye. Paji la uso lilikuwa lile lile la picha iliyokuwa imewekwa juu ya jeneza. Nikamwambia mama amekuita. Akaniuliza mama yupi, nikamwambia wa Butiama, akaanza kulia pale pale, mtu mzima, mikono ina grisi kwenye kucha.

Walizika jua linakaribia kuzama. Mama Wambura alimwita Mugeta kwa jina, mbele ya wote, na Mugeta akatupa udongo baada ya watoto wa mama. Na mimi nikaondoka na Marwa (alikuwa amenitafuta mpaka kituo cha polisi, akidhani nimegongwa) nikiwa, lazima nikiri, najiona mtu wa maana sana. Njia nzima nilikuwa nafikiri, kumbe Mungu hutumia hata mtindi. Nilimwambia Marwa hivyo. Nikamweleza mke wangu usiku ule kwamba nimeunganisha familia.

Siku ya kuanua matanga nikarudi, nimevaa suruali kama mtu, nimebeba sukari kilo tano na kitambaa cha kitenge, kifua mbele, nikijua kabisa kwamba nakwenda kushukuriwa. Mama alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akapokea sukari. Tukaongea habari za mvua. Mwisho nikaona hashukuru, nikamsaidia mwenyewe, nikasema afadhali ukweli ulijulikana, mama.

Akaniambia hana ubaya na mimi, wala na Mugeta, Mugeta ni mtoto mzuri na juzi tu amemtengenezea paa la jiko. Halafu akasema, "Lakini kila usiku sasa nahesabu misimu ya pamba, mwanangu. Ningekufa sijui. Ningekufa nimetulia."

Mimi ambaye nina ushauri kwa kila mtu anayenunua misumari nikainamia kikombe. Nilikunywa chai yangu, nikaaga, nikatoka pale natembea kwa mguu mpaka barabarani, na viatu vile nimeshampa kijana anayebeba saruji. Nyie kimbieni, afya ni nzuri, nitawapigia makofi nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Mimi kwenye boma la mtu siingii tena mpaka nipige hodi, niitikiwe, na niwe nimeshasema jina langu na ninachotafuta.