Mbunge wa Kichochoro Chetu

Mimi nilizaliwa Mombasa, nikaolewa Unguja, na kaka yangu aliacha kusema nami mwaka wa mapinduzi. Aliniandikia nirudi kwetu na wanangu. Nikamjibu kwamba mume si nguo ya kuvuliwa kwa kuwa imenyesha mvua. Akaniletea mstari mmoja tu: basi mimi si wa kwao tena. Nami hasira nimezaliwa nazo, sikumwandikia. Ikapita miaka mitano, mama yetu yuko katikati, anamsalimia kila mmoja kwa zamu.

Mama kila akipata msafiri hunitumia mabuyu. Siku moja nikafungua kifurushi, nikakuta yamefungwa kwa gazeti, na kwenye gazeti yumo kaka, na kofia yake ya viua na koti, anagombea ubunge. Rangi ya mabuyu ilikuwa imemwingia shavu zima, kama aliyepigwa kofi. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, kwa sababu alikuwa amezeeka na mimi sikuwapo.

Nikalipangusa gazeti, nikalibandika ndani ya mlango wa kabati ili asionekane. Lakini kichochoroni kwetu, mtaa wa Malindi wa hapa Unguja, siri haikai hata nusu siku. Jirani yangu wa mkabala, mke wa fundi cherehani, alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akakuta kabati li wazi, akamwona, na kufikia alasiri kila mwanamke alikuwa ameshakuja kumtazama. Ilikuwa miaka ile ambayo Unguja hapakuwa na kupiga kura tena. Wanawake wale walikuwa wamepiga kura kabla ya mapinduzi, wengine mpaka wakanuniana, na sasa walimchukua kaka yangu kama aliyekuja mlangoni kuwaomba kura wao. Wakamwita Mheshimiwa. Wakajadiliana kama akiingia bungeni ataushughulikia mfereji wetu uliokuwa hautoi maji. Nikawaambia huyu ni wa Mombasa. Mke wa fundi cherehani akanijibu kwamba mbunge ni mbunge.

Nikaweka nadhiri: kaka akishinda, kichochoro kizima kitakula mkate wa kumimina, ule wa mchele na sukari. Nadhiri ni rahisi mdomoni. Sukari wakati ule ilikuwa ya mgao, na foleni yake ilianza alfajiri. Nikawa naiba kijiko kijiko katika mgao wetu, natia koponi. Mume wangu, mtu mpole, alikunywa chai bila sukari miezi miwili, na kila asubuhi akiniuliza hali ya mgombea. Majirani nao wakaleta, huyu kikombe, yule fundo kwenye pembe ya kanga. Nami moyoni nilikuwa nimeshaitunga barua ya pongezi, neno kwa neno. Kaka akishinda nitapata sababu ya kumwandikia bila ya kujishusha. Hilo ndilo nililokuwa nikiliomba katika sala zangu, wala sikumwambia mtu.

Siku ya matokeo tulikaa ukumbini kwangu baada ya sala ya alasiri, wanawake tisa na redio moja. Sauti tuliiteremsha, maana kusikiliza stesheni za nje kulikuwa na maswali yake. Mawimbi yakija yakipotea. Likasomwa jimbo la kaka, likasomwa jina la mshindi, halikuwa lake. Wakasomwa waliobaki, mmoja mmoja. Yeye alikuwa wa mwisho.

Nililitazama kopo la sukari nikaona haya, kama mimi ndiye niliyeshindwa. Mwishowe mke wa fundi cherehani akajifunga kanga yake vizuri.

"Kashindwa, hakufa," akasema. "Mwandikie."

Nikamwambia barua niliyonayo ni ya pongezi.

"Aliyeshinda ataandikiwa na mji mzima. Wako ataandikiwa na nani?"

Nilitaka kuwarudishia sukari yao, kwa kuwa nadhiri haikutimia. Wakakataa. Kesho yake nikaandika: kaka, tumesikia kwenye redio, njoo unywe chai, sukari ipo. Barua nikaipeleka posta kwa miguu yangu.

Hakujibu. Wiki zikapita, kopo liko pale pale, na sisi tunakunywa chai chungu. Nikaanza kumkasirikia upya, mara hii kwa haki zaidi, nikijilaumu kwa kujidhalilisha bure.

Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, nikasikia hodi. Alikuwa amesimama mlangoni na mkoba mdogo, na kifurushi cha mabuyu cha mama. Nikamwamkia shikamoo. Alisema marahaba, akanikabidhi kifurushi, na mimi nikakimbilia jikoni, nikatia sukari ya kopo kwenye unga wa mkate, nikaukoroga zaidi ya ulivyohitaji.

Mkate haujaiva, wanawake wakaanza kuingia. Shikamoo Mheshimiwa. Karibu Mheshimiwa. Mmoja akamuuliza habari za mfereji. Nikaona mshipa wa shingo unamvimba, ninaujua tangu utotoni. Alidhani tumemwita tumcheke. Nikamshika mkono kabla hajasimama kuondoka, nikampeleka mpaka kwenye kabati, nikafungua mlango.

Alijitazama kwa muda mrefu, na lile shavu lake jekundu. Nikamweleza yote, redio, kopo, chai ya mume wangu.

"Huku nalipata kura ngapi?" akauliza, hakunigeukia.

"Zote," nikamwambia.

Akarudi akakaa. Nikamtilia chai, sukari vijiko vitatu, akainywa polepole kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa bado umenishika, hakutaka kuniachia.