Wavu Wenye Uzi wa Buluu

Siku hiyo nyumbani kwetu Todonyang, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, tulikuwa watano: mama yangu Nakiru, mimi Apua, niliyekuwa darasa la sita, wadogo zangu Ewoi na Akai, na mvuvi wa ng'ambo ya mpaka tuliyemwita Lopae, yaani rafiki. Baba alikuwa majini.

Lopae na baba walikuwa wamefunga urafiki kwa desturi ya wavuvi wa pande zote mbili. Baba alimpa wavu, yeye akampa baba mbuzi jike. Tangu hapo kila mmoja alimlinda mwenzake dhidi ya watu wake mwenyewe. Lopae pia aliniletea nyavu zilizochanika nizishone, na hakukosa la kunitania.

"Apua, kwa miguu hiyo utaolewa na mamba tu."

"Sawa, lakini mahari uyapokee wewe, mjomba wa mamba."

Siku hiyo hakutania. Mama alimkaribisha chai, yeye akainua mkono tu kukataa. Alinikabidhi wavu uliokunjwa vizuri, akasema, "Mpe baba yako, mkononi." Akaondoka.

Nilidhani ni wa kushona. Nikauweka nyuma ya mlango pamoja na nyingine. Baba alirudi amechoka, nami sikumwambia.

Walikuja alfajiri, watu wa ng'ambo.

Risasi zilianzia ufukweni. Baba alitoka mbele. Mama alitusukuma nje kwa nyuma, akarudi kumwita.

Sikumwona tena, wala baba.

Nilikuwa nimenyakua wavu wa juu pale mlangoni, nikamfunga nao Akai mgongoni. Ewoi alishika nguo yangu. Tulikimbia.

Jua lilikuwa limepanda nilipomshusha Akai. Wavu haukuwa na tundu hata moja. Pembeni palikuwa na fundo la uzi wa buluu, uzi ambao baba alimalizia nao nyavu zake zote. Ulikuwa ule wavu wa urafiki. Anayeurudisha anasema: siwezi tena kukulinda, ondoka.

Shule yangu iliishia hapo. Shangazi alitupokea Kakuma, nikauza samaki wakavu katika kambi ya wakimbizi, wadogo zangu wakasoma. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba majirani zetu walibadilika usiku mmoja. Siku moja mteja wangu kutoka Kongo, Mama Furaha, alinikatiza.

"Apana, dada. Watu hawageuke siku moja. Kwetu majirani waliacha kwanza kutuomba chumvi. Sisi tukasema, aa, wamepata pesa!"

Alicheka peke yake. Mimi nilikumbuka kwamba wanawake wa ng'ambo walikuwa wameacha kuja kusaga mahindi kwetu, na vijana wao walikuwa wameacha kututania. Hakuna aliyetutukana. Waliacha tu, kidogo kidogo, nasi tukafurahi kwamba foleni ya kinu imepungua.

Baadaye niliitwa kwenye mkutano wa amani Lodwar. Maofisa walitaka kujua kuhusu bunduki. Nikawaambia, "Ulizeni nani amerudisha wavu." Wengine walicheka. Binti mmoja wa ofisi aliandika. Sasa hupiga simu ufukweni kila wiki kuuliza nani ameacha kuja. Wakati mmoja, kwa jibu alilopata, watu waliondolewa mapema. Waliporudi, vibanda vilikuwa majivu, wao wazima.

Hilo halimrudishi mama wala baba. Nimelipima mara nyingi, na uzito wake ni uleule.

Wachuuzi wa samaki wanasema Lopae yu hai, amezeeka, na huuliza kama watoto wa rafiki yake walipona. Kumpelekea wavu ule ni kufunga urafiki upya. Desturi inataka mzaliwa wa kwanza aubebe, wadogo zake wakiwa kando yake.

Ewoi sasa ni mwalimu, Akai yuko kidato cha nne. Wanaujua kama wavu uliombeba Akai. Kabla ya safari hiyo lazima niwaambie kwamba ulifika mikononi mwangu mchana, baba akarudi jioni, na usiku mzima ulikuwa nyuma ya mlango.

Bado sijawaambia.