Hitima za Babu Mskoti

Kwa miaka miwili nilimtafuta babu yangu kati ya wafu. Nikitoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee, miguu imevimba, napanda basi hadi kwenye hifadhi ya nyaraka, nakaa mbele ya kompyuta kupitia orodha za askari waliofia vitani Burma. Babu hayumo. Nilichoka, na zaidi ya kuchoka niliudhika, maana Mama alikuwa ananingoja nyumbani Peckham, hapa London, na swali lile lile: baba yake alikufa lini, na amezikwa wapi.

Babu alikuwa Mskoti, sajini katika jeshi la Waingereza, aliyepiga kambi Mombasa wakati wa vita. Alisilimu, akamwoa bibi kwa kadhi, na cheti cha ndoa chenye jina lake la kwao na namba yake ya jeshi ndicho pekee alichotuachia. Akapelekwa Burma bibi akiwa mjamzito. Baadaye askari mmoja aliyerudi akaleta habari kwamba amekufa. Bibi akakaa eda. Mjamzito hutoka edani anapojifungua, kwa hiyo Mama hupenda kujisifu kwamba ni yeye aliyemtoa mama yake ndani. Tangu hapo, kila Shaabani, babu akasomewa hitima, kwanza Mombasa, kisha hapa London: mikeka sebuleni, sufuria la biriani, majirani wakinung'unika kwamba viatu vimejaa kwenye ngazi.

Siku moja karani wa pale hifadhini, mama wa makamo, aliniuliza kama nina uhakika babu alifia vitani. Nilimkasirikia. Mtu tumemsomea hitima maisha yetu yote, halafu huyu aniulize uhakika. Lakini sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikajaza fomu ya kuomba faili lake la utumishi, shingo upande.

Bahasha ilikuja baada ya miezi. Babu alijeruhiwa bega, akapona, akaachiliwa jeshini Glasgow, akapewa suti ya kiraia na tiketi ya treni, kama askari wote walioachiliwa. Kwenye nafasi ya mke liliandikwa jina la mwanamke wa kwao, aliyemwoa kabla hajaiona Mombasa. Baada ya hapo kupata cheti chake cha kifo hakukunichukua hata wiki mbili. Alikufa mzee, kitandani kwake, huko huko Glasgow.

Sikutaka kusema. Siku tatu nilizunguka na ile bahasha kwenye mkoba wa kazini, nikimwogesha mzee huyu na kumlisha yule, na katika kila mmoja wao nikamwona babu. Siku ya nne Mama akanishika mkono jikoni.

"Mbona wanikimbia? Nambia, alikufa lini?"

Nikamweleza yote: bahasha, mke wa kwao, na mwaka aliokufa huko Glasgow. Nilidhani atamlilia bibi, aliyekaa eda ya mtu aliye hai, au atamlaani yule mzee. Badala yake akauliza Glasgow ni umbali gani.

"Saa tano kwa treni, Mama."

"Na mwaka huo mimi n'shafika hapa?"

"Ulikuwa umeshakaa hapa miaka sita, ukisafisha ofisi."

Akavuta kiti, akakaa.

"Ningalikwenda," akasema. "Hata lau angenifungia mlango, ningalikuwa n'shamwona uso."