Sahihi ya Ijumaa ya Mwisho

Kwanza nilisikia muhuri. Kabla sijaiona kaunta, kabla ya bendera na picha za watu wanaotafutwa, niliusikia ukigonga karatasi nyuma ya ukuta wa mbao: ta, ta, kimya, ta. Foleni ya kituo chetu cha polisi ilianzia nje, na sisi tuliokuwa mkiani tulipima mwendo wake kwa masikio. Johannesburg kila karatasi hupelekwa polisi kugongwa muhuri, nakala za vyeti, viapo vya waliopoteza vibali. Muhuri ukigonga haraka, watu walisogeza miguu kwa furaha. Ukinyamaza, waliguna. Mimi sikuguna. Mwaka mzima, kila Ijumaa, muhuri ule ulinyamaza kwa ajili yetu.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka kumi na sita alipokamatwa dukani na pakiti mbili za nywele za kusukia chini ya sweta la shule. Mama yake ni msusi, Joubert Park. Kwao nywele zimejaa mpaka juu ya friji. Alipoulizwa kwa nini, akasema wenzake walimwambia hathubutu. Hakufungwa. Alipewa Ijumaa: mwaka mzima wa kwenda kutia sahihi kwenye daftari la polisi, kati ya saa nne na saa saba, akiwa na mtu mzima wa familia. Sahihi moja ikikosekana, faili linarudi kwa hakimu.

Ijumaa ndiyo siku wanawake wa mjini wanasuka. Dada akanitazama mimi.

"Wewe si kazi yako kuandika tu? Hata kwenye foleni utaandika."

"Siandiki nikiwa nimesimama, dada."

"Jifunze."

Nilijifunza mengine. Nilijifunza kwamba daftari letu lilikaa kwenye kabati la chuma chumba cha nyuma, na kwamba ilibidi afisa mmoja alifungue na mwingine ashuhudie. Wote wawili waliondoka kaunta. Msichana aliandika jina lake, mimi langu, wao yao. Majina manne kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye saa ileile alitakiwa awe darasani. Mara moja kwa mwezi mtu wa ustawi wa jamii alikuja na gari la serikali kuhakikisha kwamba tumeandika. Mwezi wa tano polisi wawili walitumwa mpaka shuleni kwake, Observatory, kuuliza kwa nini mwanafunzi huyu hahudhurii siku za Ijumaa.

"Yuko kwenu," mwalimu mkuu aliwajibu.

Nilipomsimulia dada alicheka mpaka akadondosha kitana. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimemwona mwanamke mmoja, asubuhi ya baridi kali, kaporwa mkoba kwenye robot, taa za barabarani, kiwiko kinavuja damu kwenye sweta la njano. Alisimama mbele ya kaunta tupu akiita, "Samahani! Jamani, samahani!" Maafisa wake walikuwa chumba cha nyuma wakinitazama nikitafuta kalamu inayoandika. Nilipotoka alikuwa ameshakwenda. Lilibaki doa dogo la damu pale alipoegemea. Aliyempora huenda alikuwa bado mtaa wa pili, anatembea tu, bila haraka, kwa sababu polisi walikuwa wananilinda mimi na daftari langu. Niliyabeba hayo mpaka nyumbani, nikayaandika, nikayafuta. Hayakuwa hadithi. Yalikuwa Ijumaa tu.

Mtu mmoja alitufanya tuvumilie. Alikuwa sajenti mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi, aliyemwita mpwa wangu "ngane yami", mwanangu kwa Kizulu. Kila wiki alimuuliza alama za biolojia, maana alijua anataka uuguzi. Siku zikakaribia kwisha, dada akaamka alfajiri kukaanga vitumbua.

"Mtu amekutazamia mwanao mwaka mzima," alisema, "utamuaga mikono mitupu? Sisi si watu wa hivyo. Watu wa Tanga hawasemi asante kwa mdomo peke yake."

Kwa hiyo Ijumaa ya mwisho, Novemba ya 2017, tulifika saa tano na bakuli la plastiki lenye mfuniko. Mpwa wangu alikuwa kwenye sare, kalamu tatu mfukoni, maana saa nane alikuwa na mtihani wa biolojia, wa kumaliza shule. Sahihi ya mwisho, kisha teksi mpaka Observatory, kisha karatasi ya mtihani. Hesabu ilikaa vizuri.

Sajenti mama hakuwepo. Alikuwa likizo. Kaunta ilikuwa na afisa mgeni, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ilipofika zamu yetu saa sita na robo, alilileta daftari mwenyewe mpaka kaunta, na mwenzake akafuata. Nikaweka bakuli kando ya daftari ili nipate mkono wa kuandikia.

"Hii ni nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Chakula. Zawadi kwa ajili ya ofisi."

"Kwa sababu ya hii sahihi?"

Ningeweza kusema chochote. Nilisema, "Ndiyo."

Akaliondoa daftari taratibu. Mpwa wangu alifumba macho. Nikaanza kueleza: si rushwa, ni adabu, ni shukrani kwa sajenti mama aliyemlea, ni vitumbua tu. Kila nilivyoongeza neno nilizidi kuonekana mwizi. Aliitwa mkubwa wao. Mkubwa alifungua mfuniko, akanusa, akaagiza maelezo yaandikwe kabla daftari halijaguswa. Maafisa watatu sasa, juu ya bakuli moja. Kando yetu muhuri ulikuwa kimya kabisa.

"Eish, mama!" mwanamume mmoja alipaza sauti kwenye foleni. "Wape wale, watugongee!"

Watu wakacheka. Afisa hakucheka. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, akiniuliza tahajia ya kitumbua.

Saa saba kasoro kumi nilimsihi mkubwa. Nilimwambia mtoto ana mtihani, atie sahihi, mimi nibaki nihojiwe mpaka jioni. Akasema sahihi ndiyo yenyewe inayochunguzwa. Saa saba ikapita. Kwenye daftari, mstari wetu ulikuwa mweupe.

Mpwa wangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini miaka yote alinijibu kwa Kiingereza. Siku ile alinigeukia, akasema kwa Kiswahili cha mama yake, polepole, kama anayekanyaga mawe mtoni:

"Mama mdogo, mimi nakwenda."

"Hakimu je?"

"Hakimu atanikuta nimefanya mtihani."

Mwaka mzima nilikuwa nimemwambia subiri. Subiri foleni, subiri kalamu, subiri wafungue kabati. Nilitafuta neno hilo mdomoni, sikuliona.

"Nenda," nilisema. "Robot za huko leo zinafanya kazi. Utawahi."

Aliufunua mfuniko, akachukua kitumbua kimoja.

"Hicho ni ushahidi!" afisa alisema.

"Sijala tangu asubuhi," alimjibu kwa Kizulu, na foleni nzima ikampisha. Afisa aliinama, akaandika kwenye mstari wetu: hakutia sahihi. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kaunta, kalamu ndani yake. Mlango wa kituo kile una springi kali, haumsubiri mtu. Ulijifunga nyuma ya mgongo wake.